Kabla ya hekta elfu za michikichi, tukate ngazi moja kwa kisu



Kuna hoja moja ambayo inarudi kila mwaka katika makundi yetu ya WhatsApp, hasa wakati wa kampeni au wakati mradi mpya unatafuta watu wa kuajiri. Inasema hivi: nchi za kitropiki zina jua, zina mvua, zina ardhi, dunia inatafuta mafuta ya kula, basi tupande michikichi, hekta elfu, hekta elfu kumi, na Fizi itakuwa Malezya ya Kongo. Juzi imerudi tena, safari hii kwa kurasa nane, na picha ya shamba la Asia lililopigwa kutoka juu, miti imepangwa kama askari. Wengi wenu mliweka kidole gumba. Mimi sikuweka, na ndugu mmoja akaniuliza kwa sauti, watu wote wasikie: «Wee agronomu, sasa unakataa maendeleo?»

Sikatai. Ila nimesomea mmea huu, nimekua chini yake, na naomba nilijibu lile andiko kama andiko: linasema nini cha kweli, na linapita wapi mbio kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mdai wake.

Kwanza kweli yake, maana ipo. Hakuna mmea wa mafuta unaotoa mafuta mengi kwa hekta moja kuliko mchikichi. Soya haifiki hata karibu, karanga haifiki, alizeti haifiki. Na huu mti ni wa kwetu, ni wa Afrika. Wale wa Asia waliupata kwa miche 4 tu iliyopandwa Bogor, kisiwa cha Java, mwaka 1848. Leo Indonezya na Malezya peke yao wanatoa zaidi ya nne ya tano ya mawese yote ya dunia. Siye, ambao miaka ya 1950 nchi yetu ilikuwa kati ya za kwanza kuuza mawese nje, leo ukiingia duka lolote la Baraka unakuta chupa ya mafuta imeandikwa Malezya. Sombe tunapika na mawese ya Mboko au ya Lweba, lakini ndagala tunakaanga na mafuta yaliyovuka bahari. Hapo mwandishi ana haki ya kukasirika, na mimi nimekasirika naye.

Lakini baada ya hapo anaandika «mbegu bora». Nimehesabu: mara 6. Hakuna mahali anaeleza mbegu bora ni kitu gani. Na kwangu mimi andiko lote linaanguka hapo, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo, mnivumilie.

Chukua ngazi moja, ikate katikati kwa kisu kikali, kwa upana. Ukiona ganda nene la kokwa na nyama nyembamba juu yake, hiyo ni dura. Mingazi mingi ya zamani unayoona barabarani kutoka Makobola mpaka hapa Baraka ni dura. Ukiona ganda jembamba, nyama nyingi, na pete ya nyuzi nyeusi kuzunguka ganda, hiyo ni tenera. Ya tatu haina ganda kabisa, inaitwa pisifera. Ukiisikia hivyo unafikiri pisifera ndiyo mfalme, ju ni nyama tupu. Hapana. Mti wa pisifera mara nyingi unakuwa mkubwa, wa kijani, unapendeza, unatoa maua, halafu mikungu inaoza kabla ya kuiva.

Uhusiano wa hizi tatu uligunduliwa hapa hapa Kongo, Yangambi, pembeni ya Kisangani, katika kituo cha INEAC. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen walionesha kwamba tenera siyo aina inayojitegemea. Ni mtoto wa dura na pisifera. Ukivusha poleni ya pisifera kwenye ua la dura, watoto wote ni tenera. Lakini ukipanda mbegu za tenera iliyochavushwa na tenera, watoto wanagawanyika: robo wanarudi dura, nusu wanakuwa tenera, robo wanakuwa pisifera. Mashamba ya Malezya yanasimama juu ya ugunduzi huo wa Yangambi. Sisemi ili tujivune. Nasema ili tuelewe kwamba mbegu ya mchikichi haiokotwi chini ya mti mzuri. Inatengenezwa kwa mkono, ua linafungwa ndani ya mfuko, na poleni inaletwa kutoka mti unaojulikana.

Sasa nije nyumbani. Miaka tisa iliyopita shangazi yangu, upande wa Swima, alinunua miche 60 kutoka pepinyeri moja. Sitaitaja, na haina faida kuitaja maana leo haipo tena. Aliambiwa ni tenera. Aliuza mbuzi wawili, akang'oa sehemu ya muhogo, akapanda kwa mita 9 kama alivyoelekezwa. Miwili ilikufa. Nilipomaliza masomo nikaenda kumsalimia, akanipeleka shambani kwa furaha, ju sasa ana mtoto agronomu. Nikaomba kisu. Tulikata ngazi mti kwa mti, asubuhi nzima. Tenera 28. Dura 17. Na miti 13 haikuwa na mkungu hata mmoja mzima, ilikuwa na mikungu myeusi iliyooza, na majani mazuri kuliko yote shambani. Shangazi alikuwa ameipalilia zaidi ile 13 kuliko mingine, akifikiri imechelewa kwa sababu ya uchovu wa udongo. Alikuwa ameiwekea majivu na samadi ya mbuzi. Miaka karibu sita.

Hesabu yake ni hesabu ya Yangambi, karibu sawasawa. Maana yake mwenye pepinyeri aliokota mbegu ndani ya shamba la tenera tupu, mahali miti yote iko tenera inachavushana yenyewe kwa yenyewe. Huenda hakuwa mwizi. Huenda aliona mti mzuri akasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Kama angeokota chini ya tenera iliyozungukwa na dura za kijiji, shangazi angepata nusu tenera na nusu dura, bila pisifera, na asingejua kamwe kwamba amedanganywa. Na ubaya wenyewe uko hapa: mche wa mwaka mmoja, ukiutazama kwa macho, hauwezi kujua ni upi kati ya hizo tatu. Jeni lenyewe la ganda lilitambuliwa mwaka 2013, na kulipima kunataka maabara. Mkulima wa Swima hana maabara. Ana neno la muuzaji, basi.

Kwa hiyo andiko likisema «serikali na wafadhili wagawe mbegu bora kwa wananchi», mimi nauliza: zitoke wapi, na nani ataandika jina lake kwenye karatasi? Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, waziri mkuu Majaliwa alipoanzisha kampeni ya kufufua zao hili mwaka 2018, kazi ya mbegu iliwekwa kwa kituo cha utafiti cha Kihinga, chini ya TARI. Mambo yao si mepesi, na mtu anaweza kuwalaumu kwa mengi. Lakini ukiuliza mche umetoka wapi, kuna mlango wa kubisha. Kwetu Fizi mlango huo uko wapi? Yangambi iko mbali na barabara haipo. Kutoka Baraka, Kigoma ni ziwa tu. Naona ajabu kwamba kurasa nane hazikutaja Kigoma hata mara moja, wakati jamaa zetu wa Nyarugusu wamekaa mkoa ule tangu 1996 na wanaujua kama mfuko wa shati lao.

Jambo la pili napita haraka. Mwandishi anaweka tani 4 za mafuta kwa hekta, anazidisha kwa hekta elfu, anazidisha kwa bei, na mwisho wa hesabu kila kijana ana motokari. Hizo tani 4 ni za Malezya, mahali mvua inanyesha karibu miezi yote. Hapa kwetu kiangazi kinaingia mwezi wa 6 na mvua inarudi mwezi wa 9, wakati mwingine inachelewa. Mchikichi ukikosa maji unatoa maua dume mengi, na ua dume halina mkungu. Na jinsia ya ua inaamuliwa karibu miaka miwili kabla ya mavuno, kwa hiyo kiangazi kibaya cha mwaka huu utakilipa kesho kutwa, wakati umeshakisahau. Mtu anaweza kulima michikichi Fizi, wazee wamelima, inazaa. Lakini achukue nusu ya ile namba, au chini yake, ndipo aende kukopa. Akikopa kwa namba ya Malezya atalipa kwa ardhi ya Mutambala.

La tatu ndilo linaniuma, kwa sababu linahusu wamama, na katika kurasa zote nane neno «mwanamke» halimo.

Nenda kwenye mkamuo wowote wa kijiji. Mwanaume anapanda mti, anakata mkungu, anashuka, kazi yake imekwisha. Mikungu inakaa chini ya majani siku 4, 5, hata wiki, ngazi zilegee zitoke kirahisi. Halafu mwanamke anatafuta kuni, anachemsha kwenye pipa, wanamimina kwenye lile pipa la chuma lenye mti wa kuzungusha, vijana wanne wanazunguka kama ng'ombe, mafuta yanatoka na maji na matope, mwanamke anachemsha tena, anaenga, anajaza bidoni. Halafu anakaa na makapi achambue kokwa, azivunje kwa jiwe moja moja apate mise ya sabuni. Kwa kazi yote hiyo, kilo 100 za mikungu ya dura zinampa kilo 8 hadi 12 za mafuta. Mtambo mzuri wenye tenera unatoa 20 hadi 22.

Tuchambue hiyo tofauti, maana wasomi tunaimeza nzima. Sehemu yake ni aina ya mti, kweli. Lakini sehemu kubwa ni mkamuo: joto halikutosha, ngazi hazikupondwa vya kutosha, mafuta yamebaki kwenye nyuzi na yametupwa kuwashia moto. Shika makapi ya mkamuo wa kwetu, yafinye mkononi. Mkono unang'aa. Hayo ni mafuta ya miti ambayo tayari tunayo, ambayo mtu alishapanda, alishapanda juu yake na kamba kiunoni, na mwingine alishaanguka akavunjika mgongo. Mashine ya kukamua yenye skrubu, moja kwa vijiji viwili vitatu, ingeokoa mafuta mwaka huu huu. Mche uliopandwa leo utaanza kuzaa baada ya miaka 3 au 4, na mavuno yenyewe yenye uzito yanakuja baadaye.

Tena kuna asidi. Ngazi ikipata jeraha tu, kimeng'enya ndani ya nyama kinaanza kuvunja mafuta. Zile siku tano chini ya majani ndizo zinafanya mawese yetu yakwaruze koo. Soko la dunia linataka asidi isizidi 5 kwa mia. Ya kwetu inazidi, ndiyo maana mnunuzi anakwambia «haya ni ya sabuni» na anashusha bei, na mama anakubali kwa sababu bidoni ni nzito na jioni imefika. Kuchemsha ndani ya siku moja au mbili hakuna gharama ya dolari elfu. Kunataka ngazi zitoke kwenye mkungu mapema, maana yake mkungu ukatwe ukiwa umeiva kweli, maana yake mwenye mti asikate haraka kwa hofu ya wezi. Unaona jinsi mambo yanavyofungana? Asidi ya mawese ya Fizi inaanzia kwenye usalama wa shamba usiku. Mtu aliyekimbia mara tatu katika maisha yake hakati mkungu siku unayoandika wewe kwenye kitabu. Anakata akiwa bado yupo.

Sasa tuje kwenye hekta elfu zenyewe. Zitakaa wapi? Andiko linasema «ardhi tupu». Mimi natembea Fizi na pikipiki, sijaona ardhi tupu yenye joto la mchikichi. Uwanda wa kando ya ziwa ni muhogo na mpunga wa watu, na maji ya ziwa yalipopanda miaka ya juzi watu walisogea hata zaidi kwenye kile kilichobaki. Tangu 2015 kuna kambi ya Lusenda ya ndugu zetu Warundi, nao wanatafuta pa kulima. Ukienda juu, upande wa Itombwe, baridi inaukataa mti. Ukienda kusini, Ngandja, unakutana na msitu unaoelekea Kabobo, na huo msitu ndio unatuletea mito. Kwa hiyo «ardhi tupu» ni shamba la mtu au ni msitu. Aandike hivyo, tujadiliane.

Na nchi hii ilishajaribu hekta nyingi. Mwaka 1911 William Lever, mwenye sabuni, alisaini na Ubelgiji mkataba uliompa haki ya kuchagua hadi hekta 750,000 ndani ya duara 5. Mji wake wa Kwilu uliitwa Leverville, leo Lusanga. Wakata ngazi wake waliletwa kwa nguvu na kodi, na mwaka 1931 Wapende waliasi. Kampuni ikawa Unilever, ikauza mashamba mwaka 2009 kwa Feronia, na Feronia, pamoja na mikopo ya benki za maendeleo za Ulaya, ikaanguka mwaka 2020. Ni karibu miaka 110. Mwenye kutaka mfano wa shamba kubwa la michikichi hana haja ya picha ya Asia. Anao Lokutu na Boteka, aulize watu wa kule nyumba zao ziko namna gani.

Najua mtaniambia Kalangala. Ni jibu zuri, tena ndilo jibu bora ambalo mwandishi angeweza kutoa na hakulitoa. Kwenye kisiwa cha Bugala, Uganda, serikali, IFAD na kampuni ya BIDCO walifanya mpango wa hekta kama 10,000, sehemu kubwa ya kampuni na sehemu ya wakulima wadogo wenye chama chao, mkopo unaokatwa kidogo kidogo kwenye mauzo, na bei inayofuata kanuni inayojulikana. Wako wakulima waliojenga nyumba na kusomesha watoto kwa mchikichi. Pia msitu wa kisiwa ulikatwa, na wako walionyang'anywa mashamba wakaenda mahakamani. Mimi naitazama Kalangala kwa heshima na mashaka pamoja. Lakini kitu kimoja kilichofanya upande wake mzuri uwezekane ni kwamba mkulima alikuwa na ardhi inayotambulika, na lori lilikuja kuchukua ngazi kabla hazijaoza. Kwetu, sheria ya ardhi ya 1973 iliahidi agizo la rais kuhusu ardhi za kimila, na miaka mingi ilipita bila agizo hilo. Mpangaji anayelima kwa mwenye ardhi anaruhusiwa mahindi, haruhusiwi mti, kwa sababu kupanda mti ni kusema «hapa ni pangu». Mjane naye, mume akifa, mingazi inahesabiwa na wakwe kabla matanga hayajaisha. Na lori? Ninyi mnajua barabara ya Uvira wakati wa mvua. Mnajua na barieri.

Basi nijikosoe na mimi, maana nimemkosoa mwenzangu vya kutosha. Memwari yangu ya lisansi ilikuwa juu ya mchikichi. Katika sura ya mwisho, ile ya mapendekezo ambayo hakuna anayeisoma, niliandika kwamba «wakulima wa Fizi wahamasishwe kutumia mbegu bora». Niliandika nikiwa Bukavu, kwenye chumba cha kupanga, na shangazi wakati huo alikuwa anapalilia pisifera 13. Nilipata alama nzuri. Kwa hiyo siwezi kumcheka mtu wa kurasa nane. Yale ni mapendekezo yangu, ameyaongezea picha tu.

Ningeomba aandike upya, na nitamsaidia akitaka. Aanze na mkamuo. Atafute bei ya mashine moja ya skrubu, si ya kiwanda. Aende sekta ya Tanganyika na ya Mutambala, akate ngazi kwa kisu kwenye mashamba ishirini, atuambie tuna dura ngapi na tenera ngapi, ju hiyo kazi haijafanywa na haitaki mfadhili, inataka viatu. Halafu aandike barua Kihinga aulize masharti ya kuvusha mbegu ziwani: karatasi za afya ya mimea, ushuru, nani anatia sahihi Baraka.

Shangazi sasa anataka kuikata ile 13. Nilimwambia aikate, agawe nafasi, nitamletea miche mingine. Akanitazama. Alikuwa ameshika mkungu mmoja mweusi, ule ulioanguka wenyewe.

«Mwanangu,» akasema, «ile ya kwanza pia iliniletwa na mtu aliyesoma. Hii yako nitajuaje?»

Nilimwambia nitaleta na karatasi. Akasema hajui kusoma Kifaransa. Nikasema nitaandika kwa Kiswahili, jina langu na namba yangu ya simu, na jina la mti wa mama na wa baba. Akasema sawa, lakini ile 13 hataikata mpaka miche ifike, aione kwa macho, na karatasi isomwe mbele ya chefu wa kijiji. Mpaka leo, ninapoandika, bado imesimama.